Kutazama ndege kwaweza kukupunguzia uchovu wa akili

Kama unaishi Nairobi, bila shaka unamfahamu kwarara, hata kama hujui jina lake. Ni yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye kila alfajiri hupita juu ya mapaa ya nyumba akipiga mayowe kana kwamba ameibiwa. Wengi wetu humlaani, tukavuta blanketi na kulala tena. Lakini je, msomaji, mbali na kwarara, kunguru, na wale korongo wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, waweza kutaja ndege wangapi wanaoishi katika mtaa wako? Watano? Wanane?

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi peke yake, ambayo watu huiona kupitia dirisha la matatu ya Lang'ata, zaidi ya aina 400 zimeshaorodheshwa. Wageni hulipa fedha nyingi kutoka Ulaya na Marekani kuja kuwaona. Sisi tulio hapa twawapita kila siku tukiwa tumeinamia simu.

Makala haya hayakusudii kukufanya mtaalamu wa ndege. Yanahusu afya yako: kichwa kinachouma kila Ijumaa jioni, usingizi usiokuja, shinikizo la damu ambalo daktari amekuonya nalo, na hasira za ghafla ambazo watu wa nyumbani wamezizoea. Wataalamu wa afya hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma na wapumzishe akili. Wengi wetu hatufanyi lolote kati ya hayo, kwa sababu kukimbia kwachosha na kilabu cha mazoezi kina gharama. Asubuhi mbili za kutazama ndege, moja kwenye maji na nyingine msituni, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Na wakati ulio bora kabisa ni miezi ya Oktoba na Novemba. Kule Ulaya na kaskazini ya Asia, majani ya miti hupukutika wakati huu, siku hufupika na wadudu hufa kwa baridi. Ndege wanaokula wadudu hawana budi kuhama. Huku kwetu ndio kwanza mvua za vuli zinaanza, kumbikumbi wanatoka ardhini na nyasi zinachipuka. Basi kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba ndege kwa mamilioni hushuka Afrika, na wengi hubaki hadi Machi au Aprili kabla ya kurejea makwao kutaga mayai.

Umbali wanaosafiri ni wa kustaajabisha. Yupo ndege mmoja mdogo wa kahawia na kijivu, mwenye kiuno cheupe kinachoonekana anaporuka, ambaye hupenda kusimama juu ya mawe na vichuguu. Uzito wake ni gramu 25 hivi, haufikii hata nusu ya yai la kuku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, wanasayansi waliwafunga baadhi ya ndege hawa vyombo vidogo mno huko Alaska, kaskazini ya Marekani. Waligundua kwamba walisafiri yapata kilomita 14,500, wakavuka Asia yote na kufika Afrika Mashariki, kisha wakarudi walikotoka.

Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, shughuli ya kuwavisha ndege pete miguuni imekuwa ikifanywa tangu mwaka wa 1969. Usiku wenye ukungu na usio na mwezi, taa za hoteli iliyo juu ya kilima huwavuta ndege wanaopita. Hunaswa kwa nyavu, hupimwa, huvishwa pete yenye nambari na kuachiliwa. Pete hizo zimepatikana baadaye Urusi na Uarabuni. Ukimwona ndege mdogo wa manjano-kijani akirukaruka katika ua wa jirani mwezi wa Novemba, yamkini ametoka mbali kuliko mtu yeyote katika mtaa huo.

FAIDA YAKE NI IPI?

Pengine utauliza, ndege na shinikizo la damu vinahusiana vipi? Swali ni la haki.

Mwaka wa 2022 watafiti wa King's College, London, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu watu wapatao 1,300. Mara kadhaa kwa siku watu hao waliulizwa kwa simu kama wameona au kusikia ndege, na jinsi wanavyojisikia wakati huo. Waliokuwa wameona au kusikia ndege walikuwa na hali njema zaidi ya moyo, na nafuu hiyo ilidumu kwa muda wa hadi saa 8. Jambo la kutia moyo ni kwamba hata wale waliokuwa na ugonjwa wa sonona waliipata.

Mwaka huohuo, watafiti wa Taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani waliwasikilizisha watu 295 sauti kwa dakika 6 tu. Baadhi walisikia ndege, wengine wakasikia kelele za magari. Sauti za ndege zilipunguza wasiwasi, nazo kelele za magari ziliongeza hali ya huzuni. Dakika sita! Hebu fikiria basi mtu anayekaa saa mbili kila jioni kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo hufika nyumbani katika hali gani.

Ni kweli kwamba uchunguzi huu ulifanywa ughaibuni, ambako bustani za jiji mara nyingi hazitozi kiingilio. Hata hivyo, mwili wa mkazi wa Umoja au Kangemi hufanya kazi kama wa mkazi wa London. Akili inapolazimishwa kukazia jambo mfululizo, iwe ni hesabu za ofisi, deni la kodi ya nyumba au dereva anayekuchomekea gari, huchoka kama msuli. Mwili nao hubaki katika hali ya tahadhari: moyo unadunda haraka, misuli ya shingo inakazana na pumzi inakuwa fupi. Ndege huvuta macho na masikio bila kulazimisha. Unamtazama kwa sababu anavutia, na huku unamtazama ile sehemu iliyochoka inapata likizo. Ndiyo maana mtu hurudi kutoka kwa maji akiwa na miguu iliyochoka na kichwa chepesi.

Macho pia hupata nafuu. Ndani ya jicho mna msuli mdogo ambao hukazwa tunapotazama kitu cha karibu na hulegea tunapotazama mbali. Mtu wa ofisini huukaza kutwa nzima. Kumtafuta mwewe angani hakutaponya jicho linalohitaji miwani, ila kutaupa msuli huo pumziko ambalo huupati kwa kutoka kwenye kompyuta na kuhamia kwenye televisheni.

JUMAMOSI: KANDO YA MAJI

Kwa wakazi wa Nairobi na Kiambu, mahali rahisi pa kuanzia ni Manguo, bwawa lililo kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru karibu na Limuru. Maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Matatu za Limuru ni nyingi. Jitahidi uwe umefika saa moja asubuhi, kwa maana ndege hula sana mapema na hunyamaza jua linapopanda. Limuru kuna baridi kali asubuhi. Mwenye pumu asisahau kivuta-dawa chake na skafu ya kufunika pua.

Ukifika, usianze kuzunguka. Chagua mahali pakavu palipo na nafasi ya kuona, usimame au ukae hapo kwa dakika ishirini. Dakika tano za kwanza utaona maji tu na vitu vyeusi vinavyoelea, na utaanza kujilaumu kwa kuacha kitanda. Vumilia. Vile vitu vyeusi vina paji jeupe: hao ni kukuziwa. Kile kidogo kinachozama na kuibukia kwingine ni kibisi, na watoto hupenda kubahatisha atatokea wapi.

Wanaoanza hukosea kwa kukimbilia majina. Tazama mdomo kwanza, kwani mdomo hukueleza ndege anakula nini. Yule bata mgeni mwenye mdomo mpana kama kijiko huchuja maji ya juu kama mtu anayechuja chai. Wale wenye miguu mirefu na mdomo mwembamba wanaotembea matopeni wanadunga tope kutafuta minyoo. Urefu wa mdomo ndio unaoamua nani atafikia mnyoo gani, na ndiyo sababu aina nne au tano huweza kula pamoja bila kugombana. Kule kwenye nyasi ambako ng'ombe wanalisha, utawaona kiluwiluwi wa manjano wakikimbia huku na huku kati ya kwato, mikia ikipigapiga. Hao wametoka Ulaya na Asia, na ng'ombe wa Limuru anawafurushia wadudu bure. Juu yao mbayuwayu wanapita na kurudi, kila mmoja na gramu zake 20 hivi.

Kuhusu darubini, usinunue ile ya kukuza mara ishirini eti kwa kuwa nambari ni kubwa. Iliyo nzuri kwa anayeanza ni ya kukuza mara 8. Sababu ni mwili wako wenyewe: kila mtetemo wa mkono hukuzwa pamoja na ndege. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi polepole, na tulia. Ukiwa umetoka kupanda mlima kwa haraka utaona picha ikitikisika kufuata mapigo ya moyo. Subiri mpaka itulie. Sijui zoezi jingine la kupumua ambalo watu hulifanya kwa hiari namna hii bila kujua kwamba ni zoezi. Kama huna darubini, nenda vivyo hivyo. Katika bwawa dogo macho yanatosha.

Mabwawa ya kusafishia maji taka ya Dandora, yaliyoko Ruai, ni miongoni mwa mahali pazuri kabisa nchini pa kuona ndege wageni wa majini, ajabu ya Mungu. Wadudu na viumbe vidogo huzaana mle kwa wingi, na ndege hawajali harufu tunayoijali sisi. Lakini huko hakuingiwi kiholela, ruhusa yahitajika, na mwenye tumbo jepesi asianzie huko.

JUMAPILI: MSITUNI

Karura ni msitu wa takriban hekta 1,000 ndani ya jiji, na upo kwa sababu ulipiganiwa. Mnamo 1998 na 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipinga ugawaji wa ardhi yake kwa watu binafsi, wakapigwa na kujeruhiwa mbele ya lango. Leo familia nzima hutembea humo. Kuna kiingilio, kwa hiyo ulizia kiasi na njia ya kulipa kabla hujatoka nyumbani. Asiyeweza kufika huko anaweza kwenda Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, ambayo ni dakika chache kutoka katikati ya mji.

Msituni mambo hubadilika. Kwenye maji unatumia macho. Hapa masikio hutangulia. Simama, funga macho, uhesabu sauti. Utamsikia kigong'ota akipiga mti, hondohondo akilia kama mtoto mwenye mafua, na huenda, kutoka juu kabisa, mlio wa tai mwenye kishungi anayewinda nyani na tumbili.

Mwandishi huyu ana sababu ya kusisitiza habari ya masikio. Asubuhi moja ya Novemba tulisimama kwenye kijia cha Karura pamoja na binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili. "Baba, umemsikia huyo?" akaniuliza. Sikusikia kitu. Akanionyesha chozi mdogo mwenye mgongo wa kijani na tumbo la manjano, hatua sita kutoka tulipokuwa. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika. Binti alikuwa akimsikia waziwazi. Mimi nilimwona tu, kama televisheni iliyozimwa sauti. Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri, na baada ya juma moja nilikwenda kupimwa. Niliambiwa kwamba sauti nyembamba za juu zimeanza kunipotea katika masikio yote mawili.

Daktari alinieleza kwamba hivi ndivyo upotevu wa kusikia unavyoanza kwa wengi. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mitetemo ya sauti. Zinazopokea sauti za juu ndizo hufa mwanzo, kwa uzee au kwa kelele, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Mazungumzo ya kawaida husikika bado, kwa hiyo mtu hatambui. Hudhani watu ndio siku hizi wanamumunya maneno. Kelele ya kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8 kila siku yatosha kuleta madhara, na muziki wa baadhi ya matatu zetu hupita hapo. Nilipanda matatu za namna hiyo kwa miaka, nikaketi chini ya spika kwa kupenda mwenyewe.

Kwa hiyo ukienda msituni, mchukue kijana mwende pamoja. Akikuonyesha ndege watatu mfululizo wanaoimba ambao huwasikii, nenda ukapimwe masikio. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki chaweza kulindwa, na vifaa vya kusaidia kusikia hufaa zaidi vinapoanza kutumiwa mapema.

TAHADHARI

Kutazama ndege si tembe. Ikiwa kipimo chako cha shinikizo la damu ni 140 kwa 90 au zaidi na umeandikiwa dawa, endelea kuzimeza hata ukijisikia umepona kabisa baada ya miezi miwili ya matembezi. Ugonjwa huu hauumi, na wengi hupatwa na kiharusi baada ya kuacha dawa kwa sababu walijisikia vyema. Vivyo hivyo, mtu ambaye huzuni imemlemea kwa zaidi ya majuma mawili, hali, halali, wala hafurahii kitu, anahitaji kumwona daktari au mshauri. Usimwambie aende akatazame ndege tu. Mpeleke kliniki kwanza, kisha mwende bwawani.

Tena, tusidanganyane kuhusu mazoezi. Mwendo wa mtazama ndege ni wa kobe, na hauhesabiki kama mazoezi ya moyo. Fidia kwa kutembea kwa kasi kutoka kituo cha matatu hadi bwawani, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba.

Kutazama vileleni mwa miti kwa muda mrefu huumiza shingo, na wazee wengine hupata kizunguzungu. Afadhali ukae au ulale chali kwenye nyasi. Mgonjwa wa kisukari avae viatu vilivyofunika vidole na soksi, abebe kitu cha kula, na akague nyayo jioni. Kofia na maji ni lazima, kwani jua la nyanda za juu hubabua hata siku ya mawingu; kwa mwenye ualbino, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua si hiari.

Msomaji wa Kisumu anayekwenda kinamasi cha Dunga asiingize miguu ziwani, kwani kichocho huingia kupitia ngozi, na ajikinge na mbu wa malaria. Pia kumbuka kiboko. Hutoka majini kula jioni na hurudi alfajiri, saa zilezile ambazo mtazama ndege hupenda, na mtu aliyesimama kati yake na maji yumo hatarini.

Ukimkuta ndege aliyekufa, usimguse wala usimruhusu mtoto amguse. Wakiwa wengi mahali pamoja, arifu ofisi ya daktari wa mifugo, maana mafua ya ndege hubebwa na ndege wa majini. Na usiende peke yako mahali palipojitenga. Simu moja kwa watu wanne yatosha.

Usipokuwa na wa kwenda naye, matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia kwenye Makavazi ya Nairobi yalianzishwa mwaka wa 1971 na Bi Fleur Ng'weno, na sasa yako chini ya chama cha Nature Kenya. Ni siku ya kazi, najua, lakini aliyestaafu, mama aliye nyumbani na mtu aliye likizoni watapokelewa, na huko watakutana na watu wa kwenda nao mwisho wa juma. Wakazi wa Pwani wamebahatika zaidi, kwa sababu Mkono wa bahari wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke ni majirani. Unaweza kuwatazama ndege wageni wa matopeni maji yanapokupwa asubuhi na kuwa chini ya miti kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili jioni nawa mikono kwa sabuni, kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni, na usugue matope kwenye viatu. Kisha andika katika daftari uliowaona, hata kama ni kumi tu na nusu yao huwajui majina. Kwa kawaida mwezi wa Aprili ukifika wageni huwa wameondoka, nawe utapenda kujua ni nani uliyemwona mwisho.